Viko vya Mjomba Joachim

Jumatatu, 3 Juni. Mafinga

Nimefika. Baridi ya kukata masikio. Ukungu tangu Iringa, dereva amekuja na taa zimewaka kama tunapeleka maiti.

Mjomba Joachim anakwenda Mbeya kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja limekwisha, la pili linaona vivuli tu. Ni kaka wa mama yangu, alikuwa mpimaji wa mbao kabla ya kustaafu. Mke amefariki, mtoto hakujaliwa. Ana shamba la mipaini kule juu, limekomaa, linangoja msumeno. Wapwa wake tuko wawili, mimi na Clement. Clement ana duka la vipuri Mwanjelwa, Mbeya, ana gari, ana kitambi. Mimi nina mawazo.

Nilipanga kumsindikiza mimi. Mtu akifunguliwa jicho hasahau uso wa kwanza anaouona. Nilikuwa nimenyoa kabisa. Lakini nimemkuta Clement ameshafika, kiti cha mbele amekitandika blanketi. Nikasema basi mimi nitakaa nyuma. Mjomba akasema hapana, Edmund, wewe utabaki na viko vyangu.

Clement amepewa macho. Mimi nimepewa viko.

Vimepangwa kwenye ubao ukutani, sebuleni. Mjomba amenionyesha kimoja kimoja kwa kupapasa. Kila kiko kina tumbaku yake. Hiki cha tumbaku kali nyeusi ya Songea, hiki cha ile laini ya kopo inayonukia kama keki. Ukizichanganya, kiko kinakuwa kichungu na hakikusamehe. Kikishavutwa kinafutwa kwa waya laini wenye manyoya, halafu kinapumzishwa. Maji hapana. Sabuni hapana. Kukiweka karibu na moto hapana. Mwezi huu, akasema, ukungu wa nje ukiingia ndani ya kiko unazaa ukungu wa pili, ule mweupe wa kwenye mkate. Kwa hiyo nivipanguse kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, na basi.

Mwisho akashika kimoja cheusi, kizee, kimemeguka ukingo. Akasema hiki ni cha Jumapili, hata kitambaa kisiingie ndani.

Nikasema nimeelewa. Akanishika bega, akasema najua utaweza. Clement akapiga honi.

Jumanne, 4 Juni

Nimevuta. Siyo wizi. Mtu lazima aijue kazi aliyopewa. Nimeweka tumbaku ya keki kwenye kiko cha Songea kwa sababu ndicho kilikuwa karibu na mkono. Nilihisi nimelamba bomba la moshi la lori la magogo, lori lenyewe limebeba biskuti. Nimekohoa mpaka Devota akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Devota ni mtoto wa dada wa marehemu mama Veneranda, mke wa mjomba. Amekaa hapa tangu msiba. Anapika, anafua, anaangalia nyumba. Haongei sana. Akinitazama najisikia nimevaa shati ndani nje.

Baada ya kupata pumzi nimechungulia ndani ya viko. Ukoko. Mweusi, mgumu, umeganda kuta zote kama ukoko wa sufuria la msibani. Miaka yote mzee wa watu anavuta moshi uliopita kwenye uchafu, halafu tunashangaa macho yamekufa.

Hapo wazo likanijia, na ni zuri. Clement atamrudishia mjomba macho, sawa. Lakini macho hayo yataona nini kwanza yakiingia sebuleni? Viko vinavyong'aa kama vimetoka dukani leo. Atauliza nani kafanya. Mimi nitanyamaza kidogo, kwa unyenyekevu. Devota atasema ni Edmund. Shamba la mipaini litajisogeza lenyewe.

Nimemweleza Devota sehemu tu, sehemu ya kuosha. Akasema, "Kaka, mjomba haoshi ndani. Na kile cha Jumapili, mama Veneranda ndiye alikuwa..."

Nikamkatiza. Nikamwambia dada, mimi nimefanya biashara, najua watu wanapenda kitu cha namna gani. Akarudi jikoni. Baadaye nimemsikia akikatakata mboga kwa nguvu kuliko mboga inavyohitaji.

Jumatano, 5 Juni

Nimeosha. Beseni, maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya waya. Maji yametoka meusi kama kahawa ya stendi. Nimemwaga, nimerudia, yametoka meusi tena. Midomo ya viko iliyokuwa myeusi imegeuka rangi ya kisamvu kilicholala. Sijui kwa nini. Labda ndiyo rangi yake halisi.

Ukoko haujatoka. Umelainika tu, unanuka mbwa aliyenyeshewa.

Clement amepiga simu. Mjomba amefanyiwa, amepumzika, anaendelea vizuri. Clement amemnunulia kofia ya sufu na redio ndogo ya kusikilizia misa. Akauliza mimi naendeleaje na viko. Nikasema vinapumzika. Akacheka, akasema mjomba anaviulizia kuliko anavyouliza dawa. Akasema pia kwamba mjomba ananisifu kwa wauguzi, eti amemwachia mpwa wake viko vyake, ni mtu wa kuaminika.

Nimejua Clement anatunga. Mtu hawezi kumsifu mpinzani wake bure. Anataka nilale.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimevipeleka vyote kwa fundi Amos, mwenye karakana kule zinakopakiwa mbao. Vyote, pamoja na cha Jumapili. Huwezi kung'arisha viko vyote ukaacha kimoja kama jino bovu katikati.

Nimemwambia Amos achimbe ukoko kwa drili, apige msasa nje na ndani, kisha vanishi. Akauliza ndani pia. Nikasema ndani pia. Akauliza moto unawashwa wapi. Nikasema ndani. Akanitazama. Akasema yeye ni fundi wa makabati, lakini kama kiko kingekuwa chake asingekunywa vanishi.

Nikamweleza kwamba mwenye mipaini ya mjomba Joachim siku za usoni anaweza kuwa mtu anayezungumza naye sasa hivi, na kwamba mtu huyo hatamsahau fundi aliyemsaidia. Nimemwahidi achague magogo kabla ya mtu yeyote. Akawasha drili.

Kwa cha Jumapili alisita. Alikinusa, akanipa nami ninuse. Kweli kina harufu yake. Asali, ganda la chungwa, na kitu kingine kama shuka lililoanikwa juani. Amos akasema hii harufu siyo ya tumbaku peke yake, hii kuna mtu aliipika, tuiache. Nikasema uchafu ni uchafu hata ukinukia. Ukoko wake ulikuwa mnene kuliko wote, ulitoka vipandevipande. Amos akaufagia pamoja na maranda na kuutia kwenye jiko la kuchemshia gundi. Karakana nzima ikanukia kwa muda, hata vijana wa kupanga mbao wakasimama kuuliza kunapikwa nini.

Vimetoka vizuri sana. Vinang'aa kama viti vya ofisini kwa mkuu.

Jumapili, 9 Juni

Vanishi haikauki. Ukungu huu haukaushi hata soksi. Nimevipanga kuzunguka jiko la mkaa. Kimoja kimepasuka, mlio kama mtu kavunja kidole. Nimekiunga kwa gundi, ufa nimeugeuzia ukutani.

Kanisani nimekaa kiti cha mbele. Watu wawili wamenisalimu kamwene kwa heshima ambayo sikuizoea. Nadhani habari za shamba zimeanza kutembea. Amos ana mdomo.

Devota hajanisemesha tangu Ijumaa. Alipoona kile cha Jumapili ukutani alisimama mbele yake na kanga yake ya kanisani, hajavua viatu. Nikamuuliza, "Umeonaje?"

Akasema, "Mungu anisamehe, ningekificha."

Nikamwambia kitu kizuri hakifichwi. Kumbe wivu umo hata ndani ya nyumba.

Jumanne, 11 Juni

Wamerudi. Mjomba ana miwani myeusi, anatembea mwenyewe bila kushikwa. Akasimama mlangoni, akatazama ukuta, akasoma kwa sauti maandishi ya kalenda ya parokia. Devota akalia. Clement naye akajifuta macho, kwa kujionyesha.

Mimi nikasogea karibu na ubao wa viko, nikasimama kidogo pembeni nisimkinge.

Mjomba akaja. Akavitazama. Akavua miwani ingawa daktari alimkataza, akavitazama tena. Nikaanza kunyamaza kwa unyenyekevu. Yeye naye akanyamaza. Tukanyamaza wote, na unyenyekevu wangu ukaanza kukosa mahali pa kusimama.

Akachukua cha Songea, akakinusa, akakirudisha. Akachukua kilichopasuka, kikabaki vipande viwili mkononi mwake, akavirudisha vyote viwili. Mwisho akachukua cha Jumapili. Akapitisha kidole ukingoni, pale palipomeguka. Amos alikuwa amepalainisha.

Akauliza, "Hiki cha nani?"

Nikasema, "Chako, mjomba. Nimekufanyia usafi."

Akakiweka puani. Akakaa nacho hivyo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Ukoko wake uko wapi?"

Nikasema umechomwa na maranda. Akatikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka. Akaomba msaada wa kukaa, yeye aliyeingia bila msaada.

Devota ndiye aliyesema, na alisema nikiwa nimesimama palepale, kama sipo. Tumbaku ile mama Veneranda alikuwa akiichanganya mwenyewe, na kila Jumapili baada ya misa alimjazia mumewe kiko hicho kimoja. Hakumfundisha mtu mchanganyiko. Alipofariki, ile iliyobaki ilikwisha, na mjomba hakukivuta tena. Alikuwa anakaa nacho tu Jumapili jioni, anakinusa. Macho yalipoanza kuzima hata picha yake akawa haioni, akabaki na harufu.

Sasa mimi ningejuaje? Mtu hakuniambia.

Nikasema, kwa kweli ni Clement aliyenishauri kwenye simu. Nilitegemea akatae, tugombane, mambo yachanganyike. Lakini Clement alinitazama, akamtazama mjomba, akasema, "Inawezekana, mjomba. Tuliongea mengi. Nisamehe."

Unaona ujanja wake? Anajipendekeza mpaka kwenye makosa yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Mjomba ameniita barazani. Yuko juani, blanketi miguuni, picha ya mama Veneranda mapajani. Anaiona vizuri sasa. Amenionyesha kwamba kwenye picha amevaa hereni moja tu, jambo ambalo hakulijua miaka yote. Nikasema nafurahi. Nikaongeza kwamba picha haina ukungu wala ukoko, ni kumbukumbu safi zaidi.

Akasema, "Edmund, sijakukasirikia. Kukasirika ni kazi, nami nimeambiwa nisibebe kitu kizito."

Nikafarijika. Nikavuta kigoda.

Akasema Clement ana duka, ana nyumba, hakuwa na haja ya shamba, wameshaongea zamani na Clement mwenyewe ndiye aliyesema lije kwangu. Shamba lilikuwa langu. Alikuwa anasubiri macho tu, ili asaini akiona anachosaini. Alinibakiza hapa nianze kuzoea nyumba, nizoeane na majirani, nijue mipaka. Viko alinipa kwa sababu ndivyo vitu alivyovipenda, na mtu huachia vitu anavyovipenda mikononi mwa mtu wake.

Nikasema, basi mjomba, tuendelee.

Akatazama mbali, kwenye ukungu unaopanda. Akasema mipaini inataka mtu anayeweza kukaa nayo miaka bila kuishika. Akasema, "Wewe huwezi kukaa na kitu wiki moja. Siyo dhambi. Lakini siwezi kukupa msitu."

Shamba anamwandikia Devota. Clement amekubali kuwa shahidi.

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mtihani ambao mtu hakuambiwa ni mtihani siyo halali mahali popote duniani. Akasema haukuwa mtihani. Alikuwa anakwenda hospitali tu.

Nilipotoka getini nimemkuta Amos na vijana wake wawili na kamba ya kupimia. Amekuja kuchagua magogo. Nikamwelekeza aingie ndani amwone mwenye shamba. Nimepita njia ya nyuma kwenda stendi.

Jumamosi, 15 Juni. Iringa

Marta, mke wangu, amenisikiliza hadithi yote huku anasonga ugali. Nilipofika kwenye ukoko aliacha kusonga. Ugali ukashika chini.

Nilimweleza jinsi nilivyozungukwa: Devota na kimya chake, Clement na upole wake, Amos na drili yake. Nilitegemea pole. Yeye akauliza kama nilimwomba mzee msamaha. Nikasema msamaha wa nini, mtu anaomba msamaha kwa usafi? Nikamwambia tena kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa, nimefanya kazi wiki nzima kwenye baridi na sikupata hata mti mmoja wa kukaushia nguo.

Marta akasema mama Veneranda ndiye aliyemfunga kitambaa siku ya harusi yetu, na mikono yake ilinukia ganda la chungwa. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nimekula peke yangu. Ugali ulikuwa na harufu ya kuungua, sikulalamika. Mimi ni mtu wa kuvumilia.

Jumatano, 19 Juni

Nimempigia mjomba kumjulia hali. Amepokea Devota. Amesema mjomba yuko na Clement, wanapanda miche kwenye ile sehemu ya bondeni iliyokuwa wazi. Clement amefunga duka kwa ajili hiyo. Nyuma yake nimewasikia wanacheka.

Nikamwambia Devota amwambie mjomba nimepiga. Akasema atamwambia. Kisha akasema, bila hasira, "Kaka Edmund, mjomba anauliza kama ule waya wa manyoya ulibaki nawe." Nikasema sijui. Uko mfukoni mwangu, nimekuwa nikisafishia masikio.

Jumapili, 23 Juni. Mbeya

Mungu hafungi mlango bila kuacha upenyo. Shangazi yake Marta, bibi Bupe, ameteleza zizini na kuvunjika nyonga, amelazwa. Anakaa peke yake pembeni ya mji huku Mbeya, kwenye mteremko. Mume alishatangulia, watoto wake wote wa kike, wameolewa mbali. Ng'ombe wa maziwa. Miparachichi mpaka kwenye korongo. Nyumba ya bati jipya. Marta alitaka kuja mwenyewe. Nikamwambia abaki na kazi yake ya ushonaji, hii ni kazi ya mwanamume. Alinikatalia jana kutwa. Nimeondoka akiwa kanisani.

Nimepita wodini kwanza. Bibi Bupe amenishika mkono, amesema ndaga fijo, asante sana, mwanangu, Mungu akubariki. Ameniambia jirani atakamua, mimi nilale tu pale watu waone taa. Jikoni nisiguse chochote.

Mama mnyenyekevu. Anaona aibu kuniomba.

Jioni nimeingia jikoni. Vibuyu vya maziwa ya mgando vimening'inia juu ya meko, vingine vya tangu enzi za mama yake. Nimechungulia ndani ya kimoja. Masizi matupu. Jirani anasema wanavifukiza kwa kuni maalumu, ndiyo siri ya maziwa yake kununuliwa na mji mzima, na kwamba havijawahi kuguswa na sabuni. Nimemsikiliza kwa adabu. Watu wakizoea uchafu wanaupa jina.

Hospitali watamwachia wiki ijayo. Atakaporudi atakuta vyeupe ndani kama sahani za harusi, na atauliza nani kafanya.

Nimeshavishusha vyote. Maji yako motoni.